Njia ya Ukweni: Safari na Mapokezi katika Riwaya za Ukerewe

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanapotaja kisiwa, mara nyingi huwa na maana ya Unguja au Pemba. Hatuwezi kuwalaumu, kwani huko ndiko walikotoka akina Mohamed Suleiman Mohamed, Said Ahmed Mohamed na Adam Shafi Adam. Lakini kiko kisiwa kingine, hakina karafuu wala maji ya chumvi, kimekaa ndani ya Ziwa Viktoria, nacho kimetupa waandishi watatu ambao huwezi kuisimulia riwaya ya Tanzania ukawaruka. Wa kwanza ni Aniceti Kitereza (1896–1981), mtunzi wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Wa pili ni Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Namagondo, ambaye Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974) zake kila mwanafunzi wa Kiswahili amepambana nazo, kwa kupenda au kwa kulazimishwa na mtihani. Wa tatu ni Gabriel Ruhumbika, aliyeanza na Village in Uhuru (1969) kwa Kiingereza, akaja kwenye Kiswahili na Miradi Bubu ya Wazalendo (1992), na mwaka 2002 akatoa tafsiri ya Kiingereza ya riwaya ya Kitereza. Kisiwa hicho ni Ukerewe.

Makala haya hayakusudii kuwachambua wote watatu. Yanashika uzi mmoja tu, nao ni safari. Nani anatoka, nani anafika, na akifika anapokelewaje? Nitajaribu kuonyesha kwamba katika riwaya za kisiwa hiki safari haipimwi kwa urefu wa njia bali kwa mapokezi, na kwamba kipimo hicho kinapovunjika, wa kwanza kulipa ni mwanamke. Nitamtegemea zaidi Kitereza, kwa sababu ndiye tunayemtaja sana na kumsoma kidogo. Kezilahabi nitamleta ili atusaidie kuona kilichobadilika.

Kisiwa si mandhari tu

Tumezoea katika uhakiki wetu kuwa na kile kipengele cha "mandhari". Mwanafunzi anaandika: mandhari ya riwaya hii ni ya kijijini, kisiwani Ukerewe, penye ziwa na mashamba. Halafu anapiga mstari na kuendelea na wahusika. Kwa riwaya nyingine huenda hiyo ikatosha. Kwa riwaya za Ukerewe haitoshi hata kidogo, maana mtu wa kisiwani anaishi na maji kila siku. Maji ndiyo yanayomwambia anaweza kwenda wapi, lini, na kwa chombo gani. Ukitaka kutoka Ukerewe kwenda Mwanza unapanda meli Nansio, na ukitaka kupitia upande wa Bunda unavuka mlango wa Rugezi. Ukitaka kwenda Ukara, kisiwa jirani, unavuka tena. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha, wengi wao wakitoka gulioni Bugolora. Kwa watu hao safari haikuwa utalii. Ilikuwa ni kwenda sokoni na kurudi nyumbani, basi.

Nalitaja tukio hili kwa sababu ya namna visiwa vyetu vinavyoandikwa na wageni. Mgeni anakuja, anatazama mawio na machweo, anakula samaki, anaandika kwamba watu ni wakarimu, anaondoka. Katika maandishi ya namna hiyo maji ni picha na mwenyeji ni sehemu ya picha. Hakuna anayemdai mwenzake kitu. Mgeni akiondoka deni limekwisha, kama lilikuwepo. Sasa hebu tuliweke hilo kando ya maandishi ya mwenyeji mwenyewe, tuone tofauti.

Safari za Myombekere

Kisa cha Kitereza, ukikikamua, ni kifupi. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno, wanamsimanga mwanamke, wanataka mwanamume atafute mke mwingine. Wazazi wa Bugonoka, Namwero na Nkwanzi, wanaona mtoto wao anadhalilishwa, wanamchukua kumrudisha kwao. Myombekere anabaki peke yake katika mji wake. Anatoka kwenda ukweni kumwomba mkewe. Anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Anaihangaikia, anaipeleka, anarudishiwa mke. Baadaye mganga Kibuguma anamtibu Bugonoka, anazaliwa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali, na juzuu ya pili inawafuata watoto hao wanavyokua.

Mbona basi kitabu ni kinene vile? Hapo ndipo wasomaji wengi wanapomlalamikia mzee. Wanasema salamu ni nyingi mno. Kila mtu akifika mahali anasalimiwa, anaketishwa, anaulizwa habari za njiani na za aliowaacha nyumbani, analetewa chakula, ananawa, anakula, ananawa tena, na ndipo neno lililomleta linapotajwa. Akiondoka, yote yanafanyika kinyumenyume, anaagwa na kusindikizwa. Na safari nyingine ikija, ni yaleyale. Mwanafunzi aliyezoea riwaya ya upelelezi anafunga kitabu. Mhakiki mwenye huruma anasema: Aa, mzee hakuwa anaandika riwaya hasa, alikuwa anahifadhi mila na desturi za Wakerewe, kwa hiyo tumsome kama hazina ya utamaduni. Mimi naona huruma hiyo ni mbaya kuliko malalamiko. Inamtoa Kitereza katika fasihi na kumweka katika makumbusho.

Ni kweli kwamba alitaka kuhifadhi lugha na maisha ya wahenga wake. Lakini hebu tuangalie alichochagua kukihifadhi na alichokiacha. Wakerewe wa karne ya 19 hawakuwa watu wa kukaa chini ya migomba tu. Mwanahistoria Gerald Hartwig ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1976, juu ya Wakerewe na biashara ya masafa marefu kati ya 1800 na 1895. Kwa hiyo pembe za ndovu, misafara na safari za mbali zilikuwepo katika historia ya kisiwa. Mwandishi anayetafuta msisimko angeanzia hapo. Kitereza hakuanzia hapo. Alichukua njia ya miguu iendayo ukweni, njia ambayo mtu anaweza kuimaliza na jua bado lipo, akaifanya ndiyo uti wa mgongo wa riwaya. Huo ni uamuzi wa kifani, na uamuzi wa kifani lazima uulizwe maana yake.

Kwa mtazamo wangu maana yake ni hii: kila safari katika riwaya hii ni kesi. Mtu haendi kwa watu bila kuwa anadai au anadaiwa. Myombekere anapofika kwa Namwero anafika kama mkwe na kama mshtakiwa kwa wakati mmoja. Yale masalamu na chakula tunachokiona kuwa ni kurefusha maneno ndiyo taratibu za mahakama yenyewe. Wenyeji wana hasira naye, na bado hawawezi kumnyima kiti wala maji. Naye ana uchungu wa mke, na bado hawezi kuropoka mlangoni. Msomaji anayeruka salamu ili afike kwenye "tukio" analiruka tukio. Maana ndani ya salamu ndimo tunamoona kama undugu bado upo au umekatika. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa Kitereza methali hii inafanya kazi hata pale mgeni mwenyewe ndiye aliyeleta ugonjwa.

Ona pia suala la faini. Mzee Namwero angeweza kudai ng'ombe au mbuzi. Anachodai ni pombe, kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukitengeneza peke yake, tena mwanamume asiye na mke nyumbani. Hapa Kitereza hana haraka kabisa. Anatuonyesha mwanamume anayejikuta hana wa kumpikia wala wa kumtekea maji, anavyohangaika na kazi ambazo jana alikuwa anaziona zinajifanya zenyewe. Anatuonyesha ndizi zinavyotafutwa, zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, na majirani wanavyoombwa msaada, kila ombi likiwa na mwendo wake na salamu zake. Faini ya siku moja inazaa safari kumi ndogondogo. Kufikia siku ya kuibeba pombe kwenda ukweni, Myombekere ameshawategemea watu wengi kiasi kwamba hawezi tena kudhani ndoa ni mali yake binafsi. Hilo ndilo fundisho, nalo halikuhubiriwa hata mara moja. Limetembezwa kwa miguu.

Bugonoka hakusafiri, alisafirishwa

Lakini tusije tukamgeuza Kitereza kuwa mwimbaji wa pepo iliyopotea. Hapa ndipo nataka kutofautiana na wale wanaosoma riwaya hii kama ushahidi kwamba zamani kila kitu kilikuwa shwari.

Tazama nani anayetembea. Myombekere anakwenda ukweni kwa miguu yake na kwa shauri lake. Wanaume wanakwenda kunywa pombe, kusuluhisha, kuwinda, kuvua. Bugonoka naye anapita njia hiyohiyo ya ukweni, lakini kila mara kuna aliyemwambia apite. Anachukuliwa na wazazi wake. Anarudishwa kwa mumewe. Anampenda mume huyo na mume anampenda, hilo mtunzi amelisema waziwazi na amelijengea riwaya nzima. Hata hivyo upendo huo hauna uwezo wa kumwondoa kwenda wala kumrudisha. Kinachomrudisha ni pombe waliyokubaliana wanaume. Kwa lugha ya darasani, Bugonoka ni mhusika mkuu asiye na safari yake.

Je, Kitereza alikuwa anaikosoa hali hiyo, au alikuwa anaieleza tu? Wanafunzi wa mrengo wa kushoto watasema mtunzi amefungwa na itikadi ya mfumo dume, kwisha habari. Nadhani jibu haliko rahisi hivyo. Kitereza anamruhusu msomaji akae ndani ya nyumba isiyo na mwanamke kwa kurasa nyingi mno, mpaka thamani ya kazi yake inaonekana bila kuhesabiwa. Tena anakataa njia ambayo ndugu wa mume waliiona kuwa ya kawaida, yaani kumwacha mgumba na kuoa mwingine. Majina yenyewe ya watoto waliopatikana, Ntulanalwo na Bulihwali, katika Kikerewe yamebeba kifo na msiba, kana kwamba furaha ya kuzaa haikuruhusiwa kusahau kilichotangulia. Mtunzi wa mambo haya hakuwa kipofu. Lakini pia hakuwahi kumpa Bugonoka njia ya kwenda anakotaka yeye. Yote mawili ni kweli, na mhakiki lazima ayashike yote mawili bila kudondosha moja.

Kinachomwokoa Bugonoka ni kwamba popote anapopelekwa kuna watu wanaomngoja. Kwao kuna wazazi ambao hawakumwuliza mtoto yuko wapi. Walikwenda kumchukua kwa sababu yeye ni wao. Kwa mume kuna mume. Hana uhuru wa njia, ila ana uhakika wa mlango. Maneno haya tuyaweke akilini, tuvuke sasa.

Rosa na Kazimoto: baada ya kuvuka maji

Kutoka ulimwengu wa Kitereza hadi wa Kezilahabi si mbali kwa ramani, ni kisiwa kilekile. Kilichoingia katikati ni shule, kanisa, mshahara na meli. Safari sasa haiendi ukweni. Inaenda Mwanza, Morogoro, Dar es Salaam, na inavuka maji.

Rosa ni binti wa Zakaria na Regina wa Namagondo. Baba ni mlevi, tena mkali ajabu kwa mabinti zake. Anamlinda Rosa na wavulana kwa fimbo. Halafu huyu binti aliyelindwa hivyo anaondoka kwenda sekondari Mwanza, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro. Mambo yaliyompata huko tunayajua wote, na ndiyo yaliyofanya kitabu kizuiwe mashuleni kwa muda. Wahakiki wamebishana sana kama kosa ni la malezi, la jamii, au la Rosa mwenyewe. Mimi naongeza swali dogo la safari: huko alikokwenda, nani alimpokea?

Hakuna. Yaani wapo watu wengi, lakini hakuna mwenyeji. Wanaume wanaokutana na Rosa wanampa fedha, zawadi na ahadi. Hakuna hata mmoja anayemwuliza habari za aliowaacha nyumbani kwa namna ya Kitereza, yaani kwa namna inayomfanya muulizaji awajibike kwa jibu. Rosa ana kile Bugonoka alichokosa, uhuru wa njia. Amekosa kile Bugonoka alichokuwa nacho. Na pale anapotaka kurudi, ajenge maisha na Charles, mlango unafungwa kwa sababu ya ubikira. Hakuna faini iliyotajwa, hakuna pombe ya kutengeneza, hakuna mzee wa kusema lete hiki tumalize. Kosa katika dunia mpya halina njia ya kulipika. Rosa anajiua.

Katika Kichwamaji upande wa pili unaonekana, wa wanaume wanaorudi. Mapema katika riwaya Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anangojeshwa ofisini kwa Manase, rafiki yake wa utotoni ambaye sasa ni mkubwa wa serikali. Linganisha na Myombekere kwa Namwero! Huko mshtakiwa alipewa kiti na maji; huku rafiki anaonyeshwa foleni. Ofisi imechukua nafasi ya ua, na katibu amechukua nafasi ya salamu. Baadaye tunajua kwamba Manase huyohuyo alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anakufa, na mama anamfuata. Manase alikuja kisiwani, akafanya aliyofanya, akaondoka. Yeye ni mwenyeji wa Ukerewe kwa kuzaliwa lakini anapita pale kama wale wageni wa machweo niliowataja mwanzo: deni linabaki kwa waliobaki.

Kazimoto naye si afadhali sana. Anarudi nyumbani na macho ya mtu anayetazama, si ya mtu anayerudi. Anajadili, anachambua, anawaza juu ya maisha na kifo. Yote hayo wahakiki wameyaita udhanaishi, na sawa, udhanaishi umo. Ila kabla hatujakimbilia Ulaya kutafuta asili ya upweke wa Kazimoto, tungeangalia kwanza kisiwani. Upweke wake una historia ya karibu. Ni upweke wa mtu aliyetoka katika jamii ambayo kufika kulikuwa na utaratibu, akaingia katika jamii ambayo unaweza kufika nyumbani kwenu na usiwe umefika. Msomaji aliyemsoma Kitereza vizuri, na salamu zake zote, ndiye anayesikia ukimya ulioko katika Kichwamaji.

Safari ya kitabu chenyewe

Kuna safari moja nyingine ambayo inatuhusu sisi moja kwa moja, nayo ni ya muswada wa Kitereza. Aliumaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa miaka mingi haukupata mchapishaji, kwani nani angechapisha kitabu kinene kwa lugha ya watu wachache? Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walimkuta Ukerewe na kumhimiza aufasiri kwa Kiswahili. Mzee akakaa chini, akafasiri mwenyewe. Tanzania Publishing House ikakitoa kwa tarehe ya 1980. Nakala zilipofika kisiwani mwaka 1981, mwandishi alikuwa ameshafariki.

Miaka 35 njiani, na aliyekuwa anakingojea hayupo. Sitaki kuligeuza jambo hili kuwa hadithi ya kusikitisha tu. Nataka tuulize kilivyopokelewa baada ya kufika. Kimefasiriwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Kwa Kiswahili, lugha ambayo mwenyewe alikivusha nayo, ukitafuta nakala utatafuta sana. Darasani tunakipa aya moja: "riwaya ya kwanza kuandikwa kwa lugha ya Kikerewe, inaonyesha mila na desturi." Hiyo ndiyo salamu tuliyompa mzee. Hatukumpa kiti wala hatukumwuliza habari za njiani.

Hitimisho

Nimedai kwamba safari katika riwaya za Ukerewe ni swali la mapokezi. Kwa Kitereza njia ni fupi, salamu ni ndefu, na kila kosa lina malipo yake, ingawa mwanamke anapelekwa na kurudishwa kwa kauli ya wengine. Kwa Kezilahabi njia ni ndefu, salamu zimekufa, mwanamke anaweza kwenda mwenyewe lakini hakuna anayemngoja, na kosa halilipiki ila kwa uhai. Asije mtu akaniambia kwamba nataka turudi kwa Namwero. Bugonoka angekuwa wa kwanza kukataa, kama angeulizwa. Ninachosema ni kwamba waandishi hawa wawili wa kisiwa kimoja wametuachia swali moja lililokatwa vipande viwili: inawezekanaje binti awe na njia yake na pia awe na mlango? Hakuna riwaya kati ya hizi iliyolijibu.

Kwa walimu wetu nina pendekezo dogo. Kitereza afundishwe kabla ya Kezilahabi, na zile kurasa za salamu zisirukwe. Kwa wanafunzi wenzangu, hasa ninyi mnaotoka visiwani na kando ya ziwa, msikubali kisiwa chenu kiandikwe kama mandhari. Mnajua maji yalivyo, na mnajua nyumba ipi mtu akifika anapewa kiti na ipi haitoi. Andikeni hilo.